NVDA kwenye tovuti za video na redio: uzoefu wangu Kisumu

NVDA ni programu ya bure inayosoma skrini ya Windows kwa sauti. Kwa kurasa za maandishi sina lawama. Penye video na redio naipa nyota 4 kati ya 5, na makosa mengi si yake bali ya mafundi wa tovuti.

Sumbuo kubwa ni video inayoanza yenyewe ukurasa ukifunguka. Sauti mbili zinagongana, na kitufe cha kuizima ndicho usichokisikia. Insert+Shift+D huifanya NVDA ishushe sauti nyingine kila inapozungumza, ila uwezo huo upo tu ikiwa imesakinishwa. Ukiiendesha kutoka kwenye flashi katika kompyuta ya saiba, haupo. Hapo nanyamazisha kichupo cha Firefox kwa Ctrl+M. Mwongozo wa WCAG, yaani kanuni za kimataifa za tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu, umeshasema: sauti inayojianza na kupita sekunde 3 iwe na njia ya kuisimamisha.

Vitufe je? Herufi B ya kibodi hukurusha kutoka kitufe hadi kitufe cha ukurasa. Penye kazi nzuri utasikia "cheza", "nyamazisha". Penye kazi mbovu ni "kitufe, kitufe, kitufe", kwa kuwa fundi ameweka ikoni bila jina. Jina linaloandikwa kwenye msimbo wa ukurasa, aria-label="Cheza", ndani ya <button> inamaliza shida. Akipamba <div> (kisanduku cha kawaida cha ukurasa) ifanane na kitufe, B haifiki kabisa. Na kabla ya kutumia njia za mkato za video, bonyeza Insert+Space, la sivyo K itakupeleka kwenye kiungo badala ya kusimamisha picha.

Ukurasa wa Kiswahili uliotangazwa kwenye msimbo kuwa wa Kiingereza (lang="en") husomwa Kizungu: "pole" inageuka mlingoti. Weka lang="sw"; sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, programu ya kutamka inayokuja na NVDA, ni kavu kama bati, lakini inaeleweka.

Yanayotendeka ndani ya video NVDA haiyaoni. Video ya ufuo wa Dunga yenye muziki mtupu hainiambii kitu. Manukuu hayasaidii, hayo ni ya viziwi. Kinachotakiwa ni sauti ya maelezo kwenye mapengo: "Mvuvi anavuta wavu, ndani mna mbuta wawili." Ukikosa pengo, andika chini ya video kila kinachoonekana na kusemwa, kwa mpangilio wake; kwa ngazi A ya WCAG, iliyo ya chini kabisa, hilo linakubalika.