Gereji ya Nakuru iliyoniandalia Subaru ya autokrosi: uzoefu wangu

Huu ndio msimu wangu wa kwanza wa autokrosi, yaani mbio fupi za magari, na gari ni Impreza isiyo na turbo, ile ile iliyokuwa ikinipeleka kazini. Niliipeleka gereji moja ya eneo la viwanda, Nakuru. Jina naliweka kapuni kwa sababu nina lawama pia.

Nilifika na orodha yangu: ekzosi kubwa, rimu, springi fupi. Mzee fundi akaisoma, akaikunja, akaniuliza, "Na gari likibingirika, kijana, wewe utakuwa wapi?" Kuhusu ekzosi hakupoteza maneno. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na turbo tayari inapungukiwa na hewa, na kelele haileti hewa.

Kwa hiyo pesa zikaenda kwenye keji, ile fremu ya mabomba ndani ya gari inayomlinda dereva likibingirika, na hapo sina neno. Kwingine walikuwa tayari kunichomelea mabomba ya geti! Hawa walitumia chuma kisicho na mshono, na upinde mkuu nyuma ya siti una kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, kama kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinavyotaka. Kila mguu umekalia bamba la milimita 3, chini ya sakafu kuna bamba jingine, na boliti za M8 (milimita 8) zimeyabana pamoja. Nilipitisha kioo cha kunyolea kati ya bomba na paa, mahali ambapo fundi mvivu huruka. Weldi imezunguka mzima.

Mikanda ya usalama ya mtumba niliyopata kwa bei poa, mzee aliikataa alipoona lebo: tarehe ya mwisho ya matumizi ilishapita. Helmeti yangu ya pikipiki nayo ikabaki nyumbani. Za magari, zenye alama ya Snell SA (Snell ni taasisi ya kupima helmeti), hupimwa pia kwa moto, za pikipiki hazipimwi hivyo.

Mafuta ya breki walimwaga yote. DOT 4, daraja la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 155, na hapo pedali inazama tu.

Sasa lawama. Simu hawashiki, na "kesho asubuhi" yao haina tarehe. Lililoniudhi zaidi ni swichi ya kukata umeme, ile inayopaswa kuzima gari lote wakati wa dharura. Niliikata swichi injini ikiwa inaunguruma, nayo injini ikaendelea kuunguruma! Walikuwa wamekata betri peke yake, alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, ikawa inailisha injini umeme kama kawaida. Walirudia waya bila malipo, ila kazi ya usalama haifai kugunduliwa na mteja.

Nyota nne. Bei yao iko juu, lakini kwa keji ningewarudia hata leo. Ukienda, uliza kwanza foleni ikoje, na malipo ya mwisho yasitoke mfukoni kabla hujaijaribu swichi hiyo mwenyewe, injini ikiwaka.