Taa ya sensa ukutani: miezi mitano ya kubishana nayo

Wiki ya kwanza nilidhani nimeuziwa kimeo. Taa niliifunga juu kabisa ya mlango wa nyuma, nikitegemea iwe inawaka nikiwa bado mbali. Wapi! Nilikuwa nafika hadi nasimama chini yake, ufunguo mkononi, giza totoro, ndipo inakumbuka kuwaka. Lakini paka wa jirani akikatiza uani, tena kule mwisho, kunakuwa kweupe kama mchana. Taa ikawa inamheshimu paka kuliko mwenye nyumba.

Dawa niliyoijua ilikuwa moja tu: kuongeza. Chini ya sensa (ya kuhisi mwendo, si ile ya kuhesabu watu, ingawa yangu nilianza kuamini inahesabu paka) kuna vifundo vitatu vidogo vinavyozungushwa kwa bisibisi. SENS ni wepesi wa kuhisi, TIME ni muda ambao taa inakaa ikiwaka, na LUX ni kiasi cha giza kinachotakiwa kabla haijaanza kazi. Huyo LUX naye alinipotezea alasiri nzima: napita mbele ya taa mchana mara kumi, kimya, kumbe imeambiwa isubiri usiku. Basi nikazungusha SENS hadi ikagota. Usiku ule taa iliwaka na kuzimika mpaka alfajiri kama ukumbi wa disko. Paka, matawi yakipigwa na upepo, shuka lililosahaulika kwenye kamba, vyote viliwashiwa. Na mimi? Bado chini yake, ufunguo mkononi.

Ikabidi nijue ndani mna nini. Lile kuba dogo jeupe la plastiki si pambo. Litazame kwa karibu, mwanga ukitokea ubavuni, utaona limegawanyika vijisehemu kama jicho la nzi. Kila kijisehemu ni lenzi ya aina ya Fresnel inayokusanya joto kutoka ukanda wake, yaani kipande cha ua inachokitazama. Nyuma ya kuba kuna kitu kidogo cha duara, mfano wa kifungo cha shati, chenye kidirisha cheusi. Humo mna vipande viwili vinavyohisi miale ya infraredi, ile ambayo mwili wa mtu huitoa muda wote, hasa kwenye urefu wa mawimbi wa mikromita 9 hadi 10. Ujanja wote uko kwenye namna vipande hivyo vilivyounganishwa, yaani kwa kupingana. Joto likivifikia vyote kwa pamoja vinafutana, na sensa inabaki kimya. Ukikatiza mbele yake, kimoja kinakupata kabla ya mwenzake, tofauti inatokea, taa inawaka. Yaani haijui mtu wala paka. Inachokijua ni joto linalohama kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine.

Na mimi nilikuwa naijia uso kwa uso, nikishuka na ukanda uleule mmoja kama mtu anayetembea juu ya mstari. Paka alikuwa anazikata kanda zote. Kifundo nilikionea bure. Taa ilikuwa kwenye ukuta usio wake.

Nikaihamishia ukuta wa pembeni, kimo cha mita 2 na nusu hivi, ili njia yangu ipite mbele yake badala ya kuielekea. SENS nikairudisha nusu. Usiku wa kwanza iliniwakia kwenye hatua ya tatu. Nilirudi nyuma nikapita tena, nikarudi tena, mtu mzima nacheza na taa. Paka nilimtafutia kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme, nikakibandika kwenye vijisehemu vya lenzi vinavyotazama ule ukuta anaoshukia. Tangu hapo kila mtu na njia zake.

Kasoro bado zipo. Jioni za joto kali, sakafu na kuta zikiwa zimechemka karibu sawa na ngozi ya mtu, inachelewa, maana tofauti ya joto inayoitegemea imepungua. Umeme ukikatika na kurudi, inawaka bila sababu na kuchukua kama nusu dakika kabla haijatulia. Nikikaa nje kusoma inanizimikia, nami inabidi nipunge mkono kama namuaga mtu asiyekuwepo. Tena usijaribu kuificha nyuma ya dirisha ili isinyeshewe. Mimi nilijaribu, nikapita, nikaruka, sikupata hata mwako mmoja. Kioo kinachopitisha mwanga vizuri kinazuia miale ile ya joto la mwili.

Kwa ndani, kwenye korido, nilifunga ya aina nyingine, inayotumia mikrowevu. Hiyo haingojei joto. Inatuma mawimbi yenyewe, yangu ni ya gigahezi 5.8, na kusikiliza yanavyobadilika yakigonga kitu kinachotembea. Ukiielekea moja kwa moja ndipo inapokupata vizuri zaidi, kinyume kabisa na ile ya nje. Ila haijui mipaka: mawimbi yake yanapenya mlango wa mbao, kwa hiyo mtu akijigeuza kitandani chumba cha pili, korido inawaka. Hapa SENS nimeishusha karibu na mwisho na bado inanihisi kirahisi.

Ile ya nje naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya vile vifundo: havina namba, vimelegea, na kila nikifuta utando wa buibui kwenye lenzi vinasogea. Buibui mwenyewe akitambaa juu ya kuba anaiwasha taa, kwa hiyo kufuta ni lazima. Nimeweka tone la rangi ya kucha pale mshale unapotakiwa kuwa. Mwenye rangi bado hajaniuliza.