Kikokotoo cha Fahirisi ya Udhaifu: Mgonjwa Mmoja Anapogeuza Matokeo

Kikokotoo hiki cha mtandaoni kina nafasi nne tu za kujaza: idadi ya wagonjwa katika kila kundi, na idadi ya waliopatwa na tukio linalochunguzwa. Jibu lake ni namba moja, fahirisi ya udhaifu, yaani idadi ndogo kabisa ya wagonjwa ambao, matokeo yao yakigeuzwa, tofauti iliyotangazwa kuwa na maana kitakwimu inaipoteza maana hiyo. Kipimo chenyewe kilijulikana zaidi baada ya makala ya mwaka 2014 iliyopitia majaribio 399 ya kitabibu na kukuta kwamba robo yake yalikuwa na fahirisi ya 3 au pungufu.

Nilikipima kwa mfano wa kubuni wa upasuaji wa kubadilisha goti: makundi mawili ya wagonjwa mia mia, maambukizi 9 upande mmoja na 1 upande wa pili. Kwa jaribio la Fisher, njia ya kitakwimu ya kulinganisha makundi mawili, thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu) ni 0.018, chini ya kikomo cha kawaida cha 0.05, na wengi wangeitangaza bila wasiwasi. Nilipomgeuza mgonjwa mmoja tu kuwa aliyeambukizwa katika kundi lenye maambukizi 1, p ilipanda hadi 0.058, juu ya kikomo. Fahirisi ni 1! Ikiwa wagonjwa watano wa kundi hilo hawakurudi kliniki kuchunguzwa, hitimisho zima limewategemea watu ambao hakuna anayejua magoti yao yanaendeleaje.

Hata hivyo, kikokotoo kinapokea majibu ya ndiyo au hapana pekee, ilhali majaribio mengi ya nyonga na goti hupima maumivu na uwezo wa kutembea kwa alama, kama zile za dodoso la Oxford zinazoanzia 0 hadi 48. Hapo hakina la kusema. Tena, namba ndogo haimaanishi kwamba watafiti walizembea. Maambukizi ni nadra, na ili kuwa na uwezekano wa asilimia 80 wa kugundua kwamba yamepungua kutoka asilimia 2 hadi 1, wanahitajika wagonjwa wapatao 2,300 katika kila kundi, idadi ambayo ni majaribio machache tu yanayoifikia.

Ni chepesi na hesabu zake ni sahihi, ila kinakosa nafasi ya tano, ya wagonjwa waliopotea katika ufuatiliaji. Kwa sasa idadi hiyo naiandika kwa kalamu pembeni mwa makala, kando ya fahirisi.