Deni bovu la Argentina: njia ya Martínez na njia ya Singer
Wawekezaji hawa wawili walinunua madeni ambayo Argentina ilishindwa kuyalipa, kwa bei ya kutupa. David Martínez, tajiri kutoka Monterrey, Mexico, alikubali punguzo la mwaka 2005, yaani kulipwa sehemu tu ya deni, akapokea hati mpya za deni, akabaki na Waargentina: mwaka 2016 kampuni yake, Fintech, ilikamilisha ununuzi wa hisa za Telecom Argentina.

Paul Singer wa Elliott, mfuko wa uwekezaji wa Marekani, alikataa katakata punguzo hilo, akaenda mahakamani New York. Oktoba 2012 meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Argentina, ARA Libertad, ilizuiwa bandarini Tema, Ghana, kwa ajili ya deni ambalo Singer aliidai Argentina. Mabaharia wengi wakarudishwa kwa ndege. Meli ikakwama mpaka Desemba. Mwaka 2016 akalipwa takriban dola bilioni 2.4.

Kwa pesa taslimu, Singer kashinda. Ila kama mdaiwa ni mimi, nipeni Martínez.