Tahadhari: Kadi za memori za «gigabaiti 128» zinazouzwa kwa bei ya chini jijini Nairobi

Ndugu wapenzi wa kupiga picha za wanyama na ndege, hasa sisi tusioifanya kazi hii kwa riziki bali tunaobeba kamera Jumamosi pamoja na watoto na kikapu cha chakula, jihadharini na muuzaji anayetangaza mtandaoni kadi za memori za kamera zilizoandikwa gigabaiti 128 kwa shilingi 1,300. Hana duka, hukutana na wateja kwenye ngazi za jengo moja karibu na Luthuli Avenue. Kumtaja jina hakungewasaidia, kwa kuwa jina lililotokea kwenye M-Pesa nilipokuwa nikimlipa silo lililokuwa kwenye tangazo, na tangu siku hiyo tangazo lenyewe limekwisha kubadilishwa jina tena. Ninawaeleza mwenendo wake, kwa maana huo haujabadilika.

Kadi niliyouziwa ilikuwa katika pakiti iliyofungwa vizuri, yenye nembo ya kampuni inayojulikana na kibandiko kinachong'aa. Kamera iliisoma bila shida na ikaonyesha kuwa ina nafasi ya picha zaidi ya 3,500. Kwa wiki mbili niliitumia nyumbani tu, nikimvizia chozi anayekuja kufyonza maua ya mshubiri asubuhi, na kinyonga mwenye pembe tatu ambaye binti yangu alimgundua kwenye ua wa michongoma. Picha zote hizo, zipatazo 190, zilifunguka vizuri. Muuzaji alikuwa amenipa dhamana ya siku saba, nami nikaihesabu kuwa ishara ya uaminifu.

Jumamosi iliyofuata tuliingia Mbuga ya Taifa ya Nairobi kupitia lango la Lang'ata, tukiwa na mama mkwe wangu, ambaye ameishi jijini humu zaidi ya miaka arobaini bila kuikanyaga mbuga hiyo hata siku moja. Ndovu hawaishi humo, lakini vifaru weusi wapo, na siku hiyo tulimkuta mmoja na ndama wake wakilisha karibu na barabara huku maghorofa ya mjini yakionekana nyuma yao. Baadaye tulikula chakula mahali ambapo Rais Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na hapo nikampiga mama picha nyingi akicheka. Kwa jumla nilipiga picha kama 540.

Jioni, kwenye kompyuta, majina ya mafaili yote yalikuwapo na ukubwa wa kila faili ulionekana sawa. Hata hivyo, baada ya picha arobaini hivi za kwanza za asubuhi ile, hakuna hata moja iliyofunguka. Nyingine zilitoa rangi ya kijivu tupu. Kifaru hayumo, wala mama hayumo.

Niliijaribu kadi hiyo kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza kadi yote kisha huyasoma upya yale iliyoyaandika, na jibu likawa kwamba nafasi halisi ni gigabaiti saba na kidogo. Ndani mna chipu ndogo ya kuhifadhi data, lakini kidhibiti chake kimechezewa ili kiiambie kamera kwamba nafasi ni 128. Orodha ya mafaili hukaa mwanzoni mwa kadi, ndiyo maana majina hubaki hata wakati picha zenyewe zimetupwa. Kuifomati hakusaidii, kwani itatangaza uongo uleule. Kwa kuwa kila picha yangu huchukua megabaiti 35 hivi, kadi iliweza kubeba takribani 230 tu, na hapo ndipo nilipoielewa ile dhamana ya siku saba: ni watu wachache wanaopiga picha nyingi kiasi hicho nyumbani kwa juma moja.

Nilipompigia simu hakukana wala hakuomba radhi. Alisema kamera yangu ndiyo mbovu, kisha akanielekeza kwa «fundi wake» ambaye angezirudisha picha kwa shilingi 3,000, zilipwe kabla ya kazi. Kwa maoni yangu huu ndio ubaya mkubwa kuliko ile kadi yenyewe. Picha ambayo haikuandikwa kamwe kwenye chipu haiwezi kurudishwa na fundi yeyote, kwa hiyo msimlipe mtu wa namna hiyo hata senti. Nilijaribu pia kuurejesha muamala kwa kutuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456, lakini utaratibu huo umewekwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kwa namba isiyo sahihi, na zangu zilikuwa zimekwisha kutolewa.

Anayenunua kadi aijaribu yote siku ileile, kabla ya kuipeleka porini. Wenye Mac au Linux wanayo programu ya F3 kwa kazi hiyohiyo. Jaribio huchukua saa kadhaa, basi liacheni liendelee usiku. Lipeni kwa namba ya Till ya duka na mdai risiti, na jina linalotokea kwenye simu likitofautiana na la muuzaji, msithibitishe malipo. Maduka mawili niliyoulizia baadaye yalitaka zaidi ya shilingi 2,500 kwa kadi ya ukubwa huo, na tofauti hiyo ingepaswa kunishtua mapema.

Aliyekwisha kuuziwa asipige picha nyingine juu ya kadi hiyo, bali anakili kwanza zile zinazofunguka. Mimi nimeihifadhi kadi, ujumbe wa malipo na picha za tangazo, na ninakusudia kuyapeleka yote kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Mwenye ushahidi kama wangu anijulishe, ili malalamiko yetu yaende pamoja.