Mtumbwi wa Wakutenai wa kuweka mezani: pua imepatikana, gome limekosewa

Duka moja la mifano ya vyombo, vichochoroni nyuma ya Ndia Kuu, Mombasa, limeongeza kitu kigeni kabisa kando ya majahazi na mitepe yake (vyombo vya kushonwa kwa kamba): mtumbwi wa Wakutenai, watu wa mito na maziwa ya milima ya Rocky, Amerika Kaskazini. Urefu sentimita 60, upana 10, bei shilingi 9,500 pamoja na kafi mbili na kibao cha kuusimamishia.

Umbo ndilo lililompa fundi sifa. Majahazi yetu hutanua omo (sehemu ya mbele) kwa juu, mkuku (uti wa chini) ukabaki mfupi. Huu ni kinyume chake: ncha zote mbili zimechomoza chini, usawa wa maji, kama pua ya stajeni, yule samaki mkubwa wa Mto Kootenay, na ukingo wa juu umeishia mapema. Hapa chini ni sentimita 60, ukingoni 47. Wanaoiga kwa picha tu huinua ncha kidogo ili zipendeze, na hapo mtumbwi huwa si wa Wakutenai tena. Huyu hakuinua.

Gome ndilo tatizo. Mtumbwi wenyewe huvikwa gome la msonobari mweupe, au mti wa jamii yake, linalobanduliwa utomvu unapopanda. Nje ya msimu huo gome hung'ang'ania shina na kupasuka. Kisha hugeuzwa, upande laini wa ndani ndio ukakutana na maji. Fundi ametumia vinia, ubao mwembamba wa milimita moja, na hatumlaumu, lakini ameichora mikwaruzo na kuipaka hudhurungi ifanane na ganda la nje. Yaani amelivisha gome ndani nje. Mwambie akuachie vinia tupu, isuguliwe kwa msasa laini, basi.

Mshono nao una kasoro. Kamba ya kumbi, nyuzi za ganda la nazi, ni mahali pake kwenye mtepe. Kwenye chombo cha sentimita 60 inaonekana nene mno na manyoya yake hukusanya vumbi. Wakutenai hushona kwa mizizi myembamba. Ukindu uliochanwa milimita 2 na kulowekwa hadi ulainike unakaribia zaidi, mradi ushonwe ungali mbichi, maana ukikauka hujikaza wenyewe.

Maungio yamezibwa kwa sandarusi, utomvu mgumu wa mti. Inang'aa dukani, lakini vinia hunywa unyevu wa Mombasa na kutanuka, nayo sandarusi ngumu haifuati, kwa hiyo nyufa huanzia puani. Utomvu wa msonobari uliotiwa mafuta kidogo ya ng'ombe hunyumbuka. Mataruma (mbavu za ndani) ya mwanzi yanahitaji dawa ya fukusi kabla ya kufungwa, si baadaye. Ukiona unga wa manjano kibaoni, umechelewa.

Karatasi ya maelezo ni ya kutupa. Inasema "Wahindi Wekundu wa Marekani", basi. Wao hujiita Ktunaxa. Jamii zao ziko British Columbia nchini Kanada, na Montana na Idaho nchini Marekani. Lugha yao haina ndugu anayejulikana. Walivua na kuwinda bata kwenye vinamasi, wakavuka milima kufuata nyati. Wale wa Idaho, watu 67 tu, waliitangazia serikali ya Marekani vita mwaka 1974 bila kufyatua risasi, wakaishia kupewa ekari 12.5. Mtalii gani asingependa kusoma hayo?

Kuagiza huchukua wiki mbili, nusu ya bei mbele. Ukindu badala ya kumbi huongeza shilingi 800, na inafaa kulipa. Watakuuliza kama unataka mlingoti na tanga dogo. Kataa, kwani mataruma membamba vile hayana pa kuushikia.