Kusafirisha gari la zamani kutoka Tanga: usafiri upi ulipie, upi uache

Naandika hii kwa mwenye Peugeot 504, Land Rover 109 za enzi za mashamba ya mkonge, Beetle, gari lolote ambalo likivunjika taa huipati dukani, na anataka lifike Arusha au Dodoma au Mwanza likiwa vilevile lilivyotoka nyumbani. Wengi tunauliza bei kwanza, na mimi nilifanya hivyohivyo na ndio maana nimeamua kuandika.

504 ya marehemu baba niliipandisha kwenye fuso lililoshusha mzigo Tanga na lilikuwa linarudi Dodoma tupu, bei ilikuwa nzuri kweli. Fuso halina ngazi ya kupandishia gari kwahiyo tukalirudisha nyuma mpaka kwenye tuta la udongo kule Pongwe, tukaweka mbao mbili, gari likapanda, alafu utingo akafunga kamba ya katani kwenye bampa ya mbele na ya nyuma, akakaza kwelikweli. Tulivyofika Chalinze bampa ya nyuma ilishavutwa chini upande mmoja, kromu imepasuka pale kwenye boliti. Na turubai tulilofunika tukidhani tunalilinda lilikuwa linapigapiga njia nzima na vumbi chini yake, likafanya kazi ya msasa, rangi ya paa yote imekwaruzika. Bampa nimetafuta miezi nane.

Kwahiyo kwangu namba moja ni bredauni ya kubeba, ile yenye kitanda kinachoshuka mpaka chini na winchi ya kuvutia gari juu taratibu. Gari lako liko peke yake, linatoka mlangoni kwako linashuka mlangoni unakopeleka, hata kama injini haiwaki. Bei iko juu kwasababu unalipia na safari ya kurudi tupu, ila ukiwa na subira ulizia ile iliyoleta gari Tanga na inarudi huko unakokwenda, hapo mnaelewana vizuri. Simamia ufungaji mwenyewe. Mikanda ipite juu ya tairi zote nne, sio kwenye bampa, na sio kwenye ekseli ya nyuma maana paipu ya breki imelala palepale na kwenye gari la miaka hamsini haihitaji nguvu kubwa kupasuka.

Namba mbili ni keria, yale malori ya ghorofa mbili. Tangu bandari yetu ichimbwe kutoka kina cha mita 3 mpaka 13 meli za magari zinafunga gatini, kwahiyo keria za kwenda bara zinapatikana hapahapa Tanga. Omba ukae juu, maana ukikaa chini oili ya gari la juu inadondokea paa lako. Lakini gari liwe linawaka na breki zinashika, na kama eksozi imening'inia chini usipeleke, pale kwenye mwanzo wa ngazi itagonga tu.

Kontena nimeliweka la tatu japo ndio linalinda kuliko yote, mvua hamna vumbi hamna. La futi 20 ndani lina urefu wa kama mita 5.9 na mlango mita 2.3 hivi, 504 ina mita 4.49 kwa 1.69 inaingia vizuri tu, ila dereva ajiandae kutokea dirishani. Shida ni kupandisha, kontena likiwa juu ya trela sakafu iko juu sana na nyumbani hatuna krini, kwahiyo linafaa zaidi ukiwa unavuka bahari. Kwa Pemba hata usihangaike na kontena, kuna meli zinazopakia magari.

Fuso la mzigo ni la mwisho kabisa, nimeshasema kwanini. Kuvutwa kwa ndoano safari ndefu hata sikuweki kwenye orodha: 504 inasukumwa na tairi za nyuma, zikizunguka injini imezimwa gia boksi inakosa oili.

Bima nayo uliza kabla ya kutoa advansi. Bima ndogo ya lori haigusi gari lako lililopo juu, unataka bima ya mzigo na thamani ya gari iandikwe kwenye karatasi, la sivyo watakwambia ni gari la mwaka 1974 wanakulipa kama chuma chakavu.

Kabla halijapanda toa waya wa betri, acha mafuta robo tanki, vua vifuniko vya ringi na redio uvitume kwa basi, piga picha kila kona mpaka chini kwenye uvungu dereva akiwepo. Na anayelipokea mwambie asisaini usiku, hata kama dereva ana haraka, wasubiri kupambazuke wafungue mikanda walizunguke pamoja na zile picha mkononi.